Picha Haizibi Ufa

Utamaduni wa watu haukai katika ngoma, mashairi na ususi peke yake. Hukaa pia katika majengo ambamo watu hao hukutana, hushangilia, hubishana na kuwalea watoto wao. Jengo la namna hiyo likiondokewa na watu hugeuka kuwa mbao na matofali, na aghalabu hapo ndipo wanapotokea wageni wenye kamera. Hulizunguka, hulipiga picha pande zote, kisha huenda zao wakiwa wameridhika kwamba wameokoa kitu. Makala haya yanauliza kama kweli wameokoa kitu. Wapo wasemao kuwa picha ni hifadhi bora, tena ya gharama nafuu. Mimi nasema kwamba picha peke yake si hifadhi, na kwamba mara nyingine huwa pazia linalofunika mambo ambayo vizazi vijavyo vingepaswa kuyajua.

Ushahidi wangu nitautoa mbali na kwetu, katika jimbo la Indiana nchini Marekani. Huko imeshamiri desturi ya kuzuru majumba ya kale ambamo shule za sekondari zilicheza mpira wa kikapu, na kuyapiga picha. Jambo likishamiri, faida zake na hasara zake huonekana waziwazi, na mwenye kutaka kujifunza hana haja ya kubahatisha.

Mpira wa kikapu ulibuniwa Desemba 1891 na mwalimu James Naismith katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts. Kabla karne ile haijaisha, mchezo huo ulikuwa umekwisha kufika Indiana, na mwaka 1911 shule za sekondari za huko zilifanya mashindano yao ya kwanza ya jimbo zima. Indiana ilikuwa nchi ya wakulima na miji midogo. Shule nyingi zilikuwa na wavulana wachache mno hata zisiweze kuunda kikosi cha futiboli ya Kimarekani, lakini wachezaji watano wa kikapu hawakukosekana. Tena msimu wa mchezo huu ni majira ya baridi, wakati mashamba yamelala chini ya theluji na mkulima hana kazi nyingi za nje. Kwa sababu hizo jumba la michezo la shule lilikuwa ndilo baraza la kijiji. Mzee aliyesoma hapo, mwanawe anayecheza, na mjukuu anayenyonya, wote walikaa katika mabenchi yale yale siku ya Ijumaa usiku.

Watu waliyajenga majumba hayo kwa fahari kubwa. Mji wa Martinsville ulijenga lake mwaka 1924 likiwa na viti zaidi ya 5,000, nalo likasifika kuwa na viti vingi kuliko wakazi wa mji wenyewe. Humo alicheza kijana John Wooden, ambaye timu yake ilitwaa ubingwa wa jimbo mwaka 1927, na ambaye baadaye alikuwa kocha mashuhuri wa chuo kikuu cha UCLA. Mwaka 1928 Chuo Kikuu cha Butler, katika mji wa Indianapolis, kilifungua jumba la kuchukua watu wapatao 15,000, na fainali za shule za sekondari zikachezwa humo kwa miaka mingi. Mwaka 1959 mji wa New Castle ulifungua jumba la viti zaidi ya 9,000, lililotangazwa kuwa kubwa kuliko majumba yote ya shule za sekondari. Ukubwa huo ulikuwa na hesabu yake. Mji wenye jumba kubwa uliweza kuandaa mashindano ya eneo zima, ukapata viingilio, na jirani zake wakalazimika kuja kwake badala ya yeye kwenda kwao.

Kisha shule zikaanza kupungua. Mwaka 1938 ziliingia katika mashindano ya jimbo shule 787. Mwaka 1997, ambao ulikuwa wa mwisho kwa shule kubwa na ndogo kushindania kombe moja, zilibaki 382. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1959, ilipitishwa sheria iliyoagiza mamlaka za shule zipangwe upya, na shule nyingi ndogo za vijijini zikaunganishwa kuwa shule moja kubwa ya wilaya. Shule ilipohama, jumba la michezo lilibaki. Mengine yakabomolewa, mengine yakafanywa maghala au makanisa, mengine yakafungwa kwa kufuli na kuachiwa njiwa.

Majumba hayo yaliyobaki ndiyo yanayozuriwa leo. Wageni huenda kijiji kwa kijiji, siku nzima, wakitafuta ubao wa hesabu ya magoli uliozimika, jina la timu lililopakwa rangi ukutani, sakafu ya mbao iliyopasuka kwa unyevu, na mwanga wa jua unaopenya dirishani na kuangukia mabenchi matupu. Sitaki kuwadhulumu. Miongoni mwao wapo waliofanya kazi ya maana. Mwandishi wa habari za michezo Kyle Neddenriep alichapisha mwaka 2010 kitabu kinachozungumzia majumba mia moja ya aina hiyo, na maelezo yake yanakwenda mbele ya sura ya jengo yakafikia habari za waliocheza humo. Mtu wa namna hiyo anafanya kazi ya mwanahistoria. Ninaobishana nao ni wale wanaodhani kwamba kazi imekwisha mara tu kamera inapolia, na wale wanaowatazamia na kuwasifu kwa kuwa wamehifadhi urithi.

Hoja yangu ya kwanza ni kwamba picha huficha sababu. Mtazamaji wa picha ya jumba lililobomoka huona rangi iliyobambuka na paa lililozama, akasema moyoni mwake kwamba muda umepita, na kila kitu huzeeka. La hasha! Majumba haya hayakufa kwa uzee. Yaliondolewa shule zake kwa sheria, kwa kura na kwa bajeti, na watu wenye majina waliketi mezani wakaamua. Huenda waliamua vema. Shule ya wanafunzi mia haiwezi kuajiri mwalimu wa fizikia, wa kemia na wa lugha za kigeni kwa pamoja, na mtoto wa mkulima alikuwa na haki ya kufundishwa masomo hayo kama mtoto wa mjini. Hiyo ni hoja nzito, wala sina nia ya kuidharau. Lakini uamuzi uliokuwa na faida ulikuwa pia na gharama: kijiji kilipoteza jina lake, kikapoteza mahali pa kukutania, na mtoto akaanza kusafiri kwa basi kwenda kucheza chini ya jina la shule ambayo babu yake hakuijua. Kizazi kinachokuja kina haki ya kuiona faida na gharama pamoja, ili kikiamua mambo yake kijue kupima. Picha ya ukuta uliobambuka haimwambii lolote kati ya hayo. Inaufanya uamuzi wa binadamu uonekane kama mvua na jua.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Picha huonyesha kilichojengwa. Haiwezi kuonyesha walionyimwa kujenga. Miaka ileile ya 1920, wakati miji ya Indiana ilipokuwa ikishindana kwa ukubwa wa majumba, chama cha Ku Klux Klan kilikuwa na nguvu kubwa katika siasa za jimbo hilo. Mwaka 1927 ilifunguliwa mjini Indianapolis shule ya sekondari ya Crispus Attucks, kwa shabaha ya kuwatenga wanafunzi Weusi na wenzao Weupe. Chama kilichosimamia michezo ya shule za sekondari hakikuzikubali shule za Weusi katika mashindano ya jimbo mpaka mwaka 1942. Shule za Kikatoliki nazo zilizuiwa vivyo hivyo. Kwa miaka kumi na mitano, basi, vijana wa Attucks walicheza mpira wakiwa nje ya mlango. Jumba lao lenyewe lilikuwa dogo mno hata halikufaa kwa michezo mikubwa, na timu ikawa ya kuhamahama, ikicheza mechi zake za nyumbani katika majumba ya watu wengine.

Timu hiyo isiyokuwa na nyumba, chini ya kocha wake Ray Crowe na mchezaji wake Oscar Robertson, ilishinda ubingwa wa jimbo mwaka 1955. Ilikuwa mara ya kwanza kwa shule ya Weusi kushinda mashindano ya jimbo yaliyo wazi kwa shule zote. Mwaka 1956 ilishinda tena, bila kufungwa hata mchezo mmoja msimu mzima. Robertson mwenyewe amesimulia jinsi maandamano ya ushindi wa 1955 yalivyozungushwa mnara ulio katikati ya mji, kisha yakaelekezwa kwenye bustani ya mtaa wa Weusi, kana kwamba furaha yao isingefaa kukaa mahali ambapo furaha ya wengine ilikaa.

Sasa na tumfuate mpiga picha katika safari yake. Anatafuta jumba zuri la kale. Atakwenda Martinsville, atakwenda New Castle, atakwenda katika vijiji ishirini ambavyo vilikuwa na fedha na uhuru wa kujenga. Je, atapiga picha gani ya timu ambayo haikuwa na jumba lake la kustahili kutazamwa? Mkusanyiko wake utakuwa mzuri sana kwa macho, nao utakuwa umerudia ubaguzi uleule wa zamani, bila yeye kukusudia, kwa sababu aliyenyimwa jana hana kitu cha kuonyesha leo. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika habari hii tuongeze kwamba anayetaka kujua ukweli wa nyumba hana budi pia kutoka nje, awaulize waliokatazwa kuingia.

Mfano ulio bora kabisa wa pazia hilo ni mchezo mashuhuri wa mwaka 1954. Shule ya mji mdogo wa Milan, yenye wanafunzi 161, ilishinda fainali ya jimbo kwa magoli 32 kwa 30 dhidi ya Muncie Central, shule yenye wanafunzi zaidi ya 1,600. Kijana Bobby Plump alishikilia mpira kwa zaidi ya dakika nne bila kurusha, na mwishowe akafunga goli la ushindi. Ushindi huo unastahili sifa zote unazopewa. Kutokana nao ilitengenezwa filamu iitwayo Hoosiers, iliyotoka mwaka 1986, na filamu hiyo imewapeleka wageni wengi kuliko kitu kingine chochote katika majumba ya kale. Lakini wageni wangapi wanajua kwamba, katika njia yake ya kwenda fainali, Milan iliishinda Crispus Attucks, yenye Robertson aliyekuwa bado mwanafunzi wa mwaka wa pili? Na wangapi wanajua kwamba Ray Crowe, aliyeshinda jimbo zima mara mbili mfululizo, anaonekana katika filamu hiyo kama kocha wa timu inayofungwa? Sisemi kwamba alilazimishwa. Nasema kwamba mtoto anayejifunza historia kwa macho tu atamwona mtu yule katika nafasi ya mshindwa, wala hatajua alivyokuwa katika maisha.

Hoja ya tatu ni kwamba picha huwapa watu ridhaa ya bure. Mtu aliyekwisha kupiga picha hujiona ametimiza wajibu, na mwenye kuitazama picha naye hujiona ameshiriki. Paa linaendelea kuvuja. Sote tunajua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa hauzibwi kwa kutazamwa, hata ukitazamwa na watu elfu. Huzibwa kwa saruji, kwa fedha, na kwa mikono ya watu wanaolihitaji jengo kwa ajili ya kazi fulani.

Hapa atasimama mpinzani na kunijibu kwa mji wa Knightstown. Atasema: jumba la Knightstown, lililojengwa mwaka 1921, liliacha kutumiwa na shule mwaka 1966, ndilo lililotumika katika filamu ile ya 1986, na leo limesimama imara na kupokea wageni. Je, si picha iliyoliokoa? Hoja hii ina nguvu, nami nitaijibu bila kuikwepa. Kwanza, filamu ililikuta jumba limesimama. Kama watu wa Knightstown wangelibomoa mwaka 1966, miaka ishirini baadaye watengenezaji wa filamu wasingekuwa na sakafu ya kuchezea. Walioliokoa kwanza ni wale walioliacha lisimame wakati hapakuwa na mtu wa mbali aliyelisifu. Pili, jumba hilo leo ni mahali pa mikutano ya watu wa mji, na vijana wa timu mbalimbali bado huenda kucheza humo. Mgeni akiingia huruhusiwa kushika mpira na kuurusha kwenye kikapu. Sifa ya filamu ilileta watu mlangoni. Matumizi ndiyo yaliyolifanya jumba liendelee kuwa jumba. Knightstown, kwa hiyo, inathibitisha neno langu: picha hufaa pale inapowaleta watu kutumia jengo, na haifai kitu pale inapowatosheleza wasije.

Mjini Muncie dhoruba ya Novemba 2017 iliharibu vibaya jumba la shule lililojengwa mwaka 1928. Ilikuwa nafasi nzuri ya kupiga picha za kuhuzunisha na kuliacha. Jumba hilo likatengenezwa, na shule ikarudi kucheza humo. Kinyume chake, mjini Anderson, halmashauri ya shule ililifunga mwaka 2011 jumba lake liitwalo Wigwam, lenye viti karibu 9,000, kwa sababu ya gharama za kuliendesha. Upendo haukukosekana Anderson, wala picha hazikukosekana. Kilichokosekana ni watu wa kutosha kujaza viti na fedha za kutosha kulipia joto na taa.

Mfano wa Anderson unanilazimu kukiri jambo ambalo wapenzi wa vitu vya kale hawapendi kulisikia. Si kila jumba litahifadhiwa, wala si kila jumba linafaa kuhifadhiwa. Halmashauri yenye fedha chache, ikitakiwa kuchagua kati ya mshahara wa mwalimu na paa la jumba tupu, haina budi kumchagua mwalimu. Lakini uchaguzi huo ufanywe hadharani, kwa hesabu zilizo wazi, na baada ya wenye mji kuulizwa kama wana matumizi mengine ya jengo lile. Na kama litabomolewa, basi libomolewe baada ya habari zake kuandikwa. Kuliacha lioze taratibu huku likipigwa picha ni kukwepa uamuzi, na kukwepa uamuzi ndiyo njia ya gharama kubwa kuliko zote.

Nini, basi, kinachompasa mtu anayetaka kuzuru na kupiga picha jumba la kale? Nadhani yanampasa mambo matatu. Kwanza, aulize jumba lilijengwa kwa fedha za nani, na lilifungwa kwa uamuzi wa nani na kwa sababu gani, kisha majibu hayo ayaandike chini ya picha. Pili, atafute majina: ya wachezaji, ya walimu, ya mfagiaji aliyepiga sakafu nta, ya wasichana ambao kwa miaka mingi waliachiwa kazi ya kushangilia tu, na ya wale ambao hawakuruhusiwa kucheza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kumbukumbu ni mali. Tatu, nakala ya kazi yake airudishe kijijini, iwekwe mahali ambapo wenye jumba wataiona, wataikosoa na kuisahihisha. Picha inayotoka kijijini na isirudi imechukua zaidi ya ilivyotoa.

Msomaji wa kwetu anaweza kuuliza kama majumba ya Indiana yana haja gani kwake. Mwalimu anaijua haja hiyo. Kila shule yenye umri wa miaka hamsini ina bwalo, kiwanja, mti wa kengele au darasa la kwanza lililojengwa kwa nguvu za wazazi, na siku hizi kila mwanafunzi mwenye simu anaweza kuyapiga picha hayo yote kwa dakika kumi. Hizo dakika kumi ni rahisi mno. Mwalimu asizipokee kuwa ni somo lililokamilika. Awatume wanafunzi wake wakamtafute mzee aliyefyatua matofali ya darasa lile, wamwulize nani alilipa na nani hakuruhusiwa kusoma humo, walinganishe maneno yake na daftari la shule, ndipo waiandike habari yenyewe kwa Kiswahili safi. Watagundua upesi kwamba wazee hawakubaliani, na kazi ya kupima ushahidi itakuwa imeanza.

Picha na zipigwe. Lakini atakayezipiga ajue kwamba amefungua ukurasa wa kwanza tu, na kwamba mvua ikinyesha usiku huo huo paa litavuja kama lilivyovuja jana, mpaka atokee mtu wa kupanda juu na kuliziba.